Huko Kwenu Kuna Nafasi

Kila anayenipigia simu kutoka Dar es Salaam huanza kwa kunipongeza. "Kaka, wewe una bahati, umekaa zako kwenye hewa safi." Sijui nani aliwaambia watu wa mjini kwamba sisi wa Liwale tunashiba hewa. Hewa ipo, tena nyingi, haina moshi wala foleni. Lakini haijawahi kunipunguzia deni la duka, wala kupokelewa shuleni badala ya michango, wala kuziba pancha. Nikisema hivyo wanacheka, wananiambia siridhiki.

Basi nisiridhike kwa takwimu. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Watanzania 61,741,120. Dar es Salaam peke yake ilitoa zaidi ya watu milioni 5.3, waliobanana kiasi cha watu karibu 3,900 kwenye kila kilomita moja ya mraba. Mkoa wetu wa Lindi ulitoa watu 18 kwenye kilomita hiyohiyo. Na huo ni wastani wa mkoa mzima, pamoja na Lindi mjini, Kilwa na Nachingwea, ambao wanatubeba. Ukija wilayani kwetu, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni hifadhi, wastani unashuka mpaka unamwonea huruma karani wa sensa.

Mimi nina duka la vitu mchanganyiko katika kijiji kilicho ng'ambo ya mji wa Liwale. Vijana huniita Mangi, ingawa Kilimanjaro nimeuona kwenye kalenda tu. Mwenzangu wa Kariakoo akifungua duka, watu wa kilomita nzima ya mraba wanampitia mlangoni kabla ya chai ya saa nne. Mimi nikifungua langu nawasubiri hao kumi na wanane, mmoja mmoja. Kumi na wawili ni wa daftari la madeni, watalipa korosho zikiuzwa. Watano wamekuja kuchaji simu. Yule wa mwisho anauliza njia.

Na njia tunamwelekeza kwa ukarimu wote. Ila mgeni ajue: kwetu mtu akichongoa midomo kuonyesha upande na kusema "pale tu", jaza mafuta kwanza.

Wanasema huku maisha ni rahisi. Waulize saruji. Kiwanda kikubwa cha saruji kipo Mtwara, mkoa wa jirani, na ndiyo sababu wateja wangu wananishuku wizi. "Mangi, Mtwara si hapo tu?" Ni hapo tu, mzee wangu. Mfuko unatoka kiwandani ukiwa na bei ya kibinadamu. Ukishapanda fuso unaanza kulipa nauli: Masasi, Nachingwea, halafu zile kilomita kama 130 za kuja Liwale, ambako nauli hupangwa kwa hasira za dereva. Mvua ikinyesha mfuko unalala njiani. Ukilala mno unafika ukiwa jiwe, na hilo jiwe nalo nimelilipia.

Ndivyo kilivyo kila kitu. Msumari una bei yake na nauli yake. Daftari la mtoto lina bei yake na nauli yake. Tairi ya pikipiki, kitasa, betri ya redio, soda ambayo ikifika imeshapata moto mpaka gesi imekata tamaa. Mazao yetu nayo yakitoka yanalipa nauli, ila hapo mnunuzi huikata kwenye bei kabla hajaitaja, ili tusiumie moyo. Yaani kinachoingia tunakilipia safari sisi, na kinachotoka tunakilipia safari sisi. Hata ugonjwa. Mtu akipewa rufaa, ndugu wanauza mbuzi kwanza kwa ajili ya gari, na dawa itajadiliwa huko mbele kama mbuzi wengine watakuwepo. Mtu wa mjini analipa kodi zilizoandikwa. Sisi tunalipa hizohizo, juu yake tunalipa umbali, na umbali hautoi risiti.

Barabara sitaki kuisema sana, maana barabara nayo ina watetezi wake, hasa wale wanaopita kwa ndege. Kiangazi ni vumbi. Unashuka kwenye basi, mkeo anakuja kukupokea, anakuuliza kwa adabu unamtafuta nani. Masika ni tope, na hapo tiketi yako inakupa haki tatu: kukaa, kushuka na kusukuma. Konda hupiga kofi bodi ya gari. "Wanaume wote chini! Wabaki wazee na akina mama wenye watoto!" Hapo ndipo utaona vijana wanavyozeeka ghafla. Msimu uliopita kijana mmoja mwenye kifua cha kubeba gunia la ufuta peke yake alimnyang'anya dada wa kiti cha jirani mtoto mchanga, akampakata, akaanza kumwimbia. Mama wa mtoto ndiye aliyeshuka kusukuma.

Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, maji yalibomoa barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga. Lindi na Mtwara zikakatika kwa siku kadhaa. Redio zilitangaza, mabasi yalipanga foleni pande zote mbili, mashine zikaletwa, wakubwa wakavaa mabuti. Wenzetu wa Lindi mjini walihuzunika sana. Sisi wa Liwale tuliwasikiliza kwa heshima, maana hicho wanachokiita maafa sisi tunakiita Machi.

Sasa nije kwa shemeji yangu.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, yuko Tabata, ana kazi ya ofisini na ndoto ya kilimo. Jioni moja akanipigia, nami nikakimbilia kwenye kichuguu kilicho nyuma ya duka, kwa sababu mtandao wa kijiji chetu unakaa pale juu. Nikianza kuongea kichuguuni, kijiji kizima kinapunguza sauti za redio. Hakuna siri ya ukoo wangu isiyojulikana mpaka kwa fundi baiskeli.

"Shemeji, huko kwenu si kuna ardhi imekaa tu?"

"Imekaa, shem."

"Haina mtu?"

"Haina mtu, ila ina wenyewe."

"Nimeiona kwenye ramani ya setilaiti. Kijani tupu, shemeji! Nusu ya simu yangu ni kijani! Nataka ekari mia mbili, nipige ufuta na matikiti. Kuna vijana wananifundisha kwenye kundi letu la WhatsApp."

Nikamweleza. Nikamwambia hicho kijani upande wa kushoto ni mashamba ya watu yaliyopumzishwa. Kile cha katikati ni msitu wa kijiji, una mizinga ya nyuki ya wazee na miti ya mbao yenye taratibu zake. Kile kingine ni makaburi ya babu zetu. Na pale kwenye kijani kilichofifia ndiko akina mama wanakochimba ming'oko njaa ikibisha hodi. Akasikiliza vizuri kabisa. Kisha akasema, "Ndiyo maana nasema, shemeji, patupu hapo."

Sikumlaumu sana, kwa kuwa si wa kwanza kuiona nchi hii kutoka angani akaipenda. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani, haina mafuta ya kupikia. Wakaja wataalamu wachache, wakazunguka Afrika Mashariki wiki kadhaa, sehemu kubwa ya safari wakiwa ndani ya ndege. Wakatazama chini. Wakaona kijani, hawakuona mtu. Wakaandika ripoti kwamba hapo zitalimwa karanga ekari milioni tatu na ushei. Hawakuwa na kundi la WhatsApp, lakini moyo ulikuwa uleule.

Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, baadaye Urambo na hapa jirani kwetu Nachingwea. Karanga, ndugu zangu! Zao ambalo bibi yangu alilima kwa jembe la mkono na kulipura kwa kidole gumba, wenzetu walilijia na vifaru. Sitanii: vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani viligeuzwa matrekta ya kung'olea miti. Visiki vya Kongwa vikavunja vyuma. Mibuyu ikagoma. Nyuki wakashuka kwenye mibuyu kuuliza kelele ni za nini, madereva wakatimua mbio na kuacha injini zikinguruma. Mvua haikunyesha kwa ratiba ya London, na udongo ulipokauka ukashika karanga zisitoke. Mgogo yeyote wa Kongwa angewaambia haya yote bila ya kuomba posho ya kikao, ila kutoka kwenye ndege Mgogo alikuwa haonekani.

Kwetu kusini waliahidi makubwa zaidi. Wakajenga bandari ya kina kirefu Mtwara, wakatandika reli kuelekea Nachingwea ili karanga zisipate shida ya usafiri. Januari 1951 serikali yao ikatangaza kwamba basi, imetosha. Pauni milioni 36 za wakati ule zilikuwa zimekwenda na maji, na ilisemwa kwamba mbegu zilizonunuliwa zilizidi karanga zilizovunwa. Reli nayo ikaja kung'olewa miaka ya 1960. Kwa hiyo huku kusini tuna wazee walioona reli inakuja, wakaishi vya kutosha kuiona inaondoka. Wao ukiwaambia habari ya mradi wanaitikia "inshallah" na kuendelea kubangua korosho.

Nisiwe mchoyo wa shukrani. Yale mashamba ya Nachingwea hayakupotea bure: baadaye wapiganaji wa FRELIMO walifanyia mazoezi huko, na mwaka 1975 Msumbiji ikapata uhuru wake. Ni mradi wa karanga uliotoa nchi. Sidhani kama wale wataalamu waliliweka hilo kwenye makisio.

Haya yote nilimsimulia shemeji nikiwa juu ya kichuguu, kijiji kizima kikiwa kimya. Alipokaa bila kujibu nikadhani imemwingia. Kumbe alikuwa anatafuta daftari. "Shemeji," akasema, "hayo mashamba ya karanga bado yapo?"

Kuna jambo moja linaniudhi kuliko vumbi. Wageni wakiona nafasi hii wanadhani ilishushwa na Mungu ikiwa hivi hivi, haijaguswa, inawasubiri wao. Mwaka 1905 wazee wetu walilichoma boma la Wajerumani hapa Liwale, katika vita ya Maji Maji. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vyakula na mashamba, na njaa ikamaliza watu ambao risasi haikuwapata. Wakaja Waingereza. Miaka ya 1940 wakawahamisha watu wa upande wa magharibi wa wilaya, kwa hoja ya malale na mbung'o, na vijiji vikageuka pori la wanyama. Pori lenyewe liliitwa Selous, jina la mwindaji wa Kiingereza aliyepigwa risasi na kufa Beho Beho mwezi Januari 1917. Tangu mwaka 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kilomita za mraba 30,893. Kwa hiyo kama huku watu ni wachache, tafadhali usitusifu kwa kupanga uzazi.

Nikubali kwamba yupo mgeni mmoja aliyetupenda kwa dhati. Ionides, bwana nyama wa Kiingereza, aliishi Liwale miaka mingi, na ni yeye aliyehangaika kulikuza pori lile. Watu walimwita Bwana Nyoka kwa sababu kazi iliyomfurahisha kuliko zote ilikuwa kukamata nyoka, tena nyoka wenyewe koboko. Mtu anayeona raha kumshika koboko ndiye aliyeona raha kukaa kwetu. Wenye akili wajiongeze.

Urithi aliotuachia Bwana Nyoka na wenzake ni tembo. Mtalii akimwona tembo mmoja huko hifadhini anapiga picha mia, anatokwa na machozi. Sisi tunatokwa na machozi pia, ila asubuhi. Tembo wa kwetu wana adabu zao: hawaji mchana kukusumbua ukiwa kazini. Wanangoja mahindi yakaribie kukauka, wanakuja usiku, wanakula kwa mstari. Wakimaliza mahindi wanahamia ndizi. Mwanamume anayesema anaishi sehemu tulivu alale juu ya dungu mwezi Aprili, ana tochi mkononi, debe miguuni na kamba iliyopakwa oili chafu na pilipili kuzunguka shamba, halafu aniletee taarifa ya utulivu. Siku ya kwanza pilipili iliwakera tembo. Siku hizi nina hofu wanaichukulia kiungo.

Serikali haikutusahau. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kuuawa na mnyama, na kifuta jasho kwa aliyeliwa mazao. Sikilizeni kanuni hizo zilivyokipanga kifuta jasho. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi, hakuna kitu. Kutoka hapo hadi kilomita moja, shilingi 25,000 kwa ekari. Kati ya kilomita moja na tano, shilingi 50,000. Kuanzia kilomita tano kwenda mbele, shilingi 100,000. Na mwisho ulikuwa ekari tano, hata kama tembo alikuwa na njaa ya ekari kumi.

Hoja yake naielewa: usilime mlangoni kwa tembo. Hoja nzuri sana, ila mlango ulihamishwa, bibi yangu alikuwa amekaa. Na tembo hatembei na futi kamba. Nimepiga hesabu zangu dukani, nimeona kwamba shamba langu lingekuwa Tabata, kwa shemeji, lingelipwa vizuri kuliko lilipo sasa. Maisha yangu yote umbali umenitoza pesa. Siku umbali ulipoanza kulipa pesa, nikakuta mimi niko karibu.

Hatimaye shemeji alikuja. Alishuka stendi ya Liwale akiwa rangi ya tofali, dada yake akampita mara mbili. Akapanda bodaboda mpaka kijijini, akiwa na buti mpya, kofia ya safari na simu mbili zenye ramani. Usiku wa kwanza hakulala, akalalamika kwamba kimya kinampigia kelele. Usiku wa pili fisi walikivunja kile kimya, akalalamikia fisi. Nilimwambia achague kimoja.

Ardhi ya kijiji ina utaratibu wake. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, hupewi shamba kwa kumwona mwenyekiti gizani. Mkutano mkuu wa kijiji lazima ukubali. Wengi wanapita gizani, lakini shemeji ni mtu wa ofisi, akataka mkutano. Mkutano ukaitishwa chini ya mwembe. Walikuja mpaka watu ambao hawakuja kwenye mkutano wa maji, kwa sababu habari za shemeji walishazisikia zote kichuguuni na walitaka kuona sura.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba, mwanetu. Karibu. Tumesikia unataka kulima."

"Ndiyo wazee. Ekari mia mbili, kuanzia. Kilimo cha kisasa."

"Mashallah. Utalima mwenyewe?"

"Nitaweka vijana. Mimi nitasimamia kwa simu kutoka Dar."

Pakawa kimya. Mzee mmoja, ambaye miaka yote anakaa mwisho wa benchi na hasemi isipokuwa ana jambo, akakohoa. "Mwanangu, mtandao wa hapa uko kwenye kichuguu cha shemeji yako. Hao vijana watalima wakiwa wapi?" Watu wakaanza kuangalia chini. Mzee hakuwa amemaliza. "Na tembo wakija usiku, nao utawapigia?"

Mkutano uliahirishwa kwa dakika kadhaa ili akina mama wafute machozi.

Nawasifu wazee wetu, hawakumfukuza. Walijadili, wakasema kijana ni wa kwetu kwa ndoa, tumempa ekari tatu ajaribu, akikaa msimu mmoja tutazungumza habari ya nyongeza. Mwenyekiti akaonyesha upande kwa midomo. Pale tu. Niliutazama upande ule nikatambua ni ndani ya zile mita 500. Nilinyamaza. Mimi ni shemeji tu, mambo ya ardhi yana wazee.

Alikaa mpaka usafiri ulipopatikana. Kabla ya kuondoka alipanda kichuguu, akajipiga picha na mbuga yote nyuma yake, akairusha kwenye kundi. Baadaye mke wangu alinisomea alichoandika: kusini ni paradiso, hewa safi, ardhi bado ipo, wahini. Tangu hapo wamepiga wengine watatu. Mmoja anataka kujenga hoteli ya kupumzikia watu waliochoshwa na mji. Akaniuliza hapa huwa tunafanya nini kuondoa mawazo. Nikamwambia huwa tunakwenda mjini.

Wapo wanaoniuliza kwa nini sihami basi, kama ni tabu hivi. Kwanza hakuna gari leo. Pili, nani kasema watu wanahama? Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa wetu una watu 13 kwa kilomita ya mraba, na miaka kumi baadaye ni 18. Wamekuja wakulima wa ufuta na majembe yao, wamekuja wafugaji na ng'ombe wao, wamezaliwa na wangu. Kila mmoja wao anahitaji bati, daftari, panadol na mahali pa kupita mvua ikinyesha. Kilichopungua huku si watu. Ni barabara, madaktari na walimu waliokubali kubaki baada ya kuiona nyumba ya mwalimu. Hivyo vikija, hata hao watu 18 watatosha kabisa, na mimi nitapunguza bei ya msumari hadharani, mbele ya mashahidi.

Kwa sasa nina ombi moja kwa ninyi mnaopanga kuja kuangalia nafasi. Msije na gari tupu. Kiti kilicho wazi kinaweza kubeba kartoni ya madaftari, na buti inaweza kubeba vitasa, tyubu za baiskeli na dawa za watu. Kabla ya kuanza safari mpigieni simu mwenyeji wenu awaambie kinachohitajika. Akiwa hapatikani, hayuko kichuguuni. Leteni saruji.